Njiwa Hailipuki

Mtu wa kwanza kusema kwamba simu ilikuwa feki alikuwa nesi. Alisema kwa upole, huku akikata kwa mkasi mkono wa blauzi ya binti ili apate pa kuzungushia bandeji, wala hakuwa na nia ya kumuumiza mtu.

"Simu gani hiyo iliyokufanya hivi, mdogo wangu?"

Binti alikuwa ameuma meno, hawezi kujibu. Baba yake, aliyesimama miguuni pa kitanda huku brashi zake zimechomoza mfuko wa nyuma, akamjibia.

"Njiwa."

Mkasi ukasimama. "Njiwa? Aa, baba. Hapo mmepigwa. Njiwa hailipuki."

"Imelipuka."

"Basi haikuwa Njiwa." Nesi akachomoa simu yake mwenyewe, akaiinua waione. "Mimi ninayo hii tangu kitinda mimba wangu hajazaliwa. Imeanguka, imeloa, imekanyagwa. Iko hapa. Feki zimejaa siku hizi, tena zinafanana mpaka unachoka."

"Tumenunua duka la kampuni, lile la kona," baba akasema. "Duka la shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Bango la pale nimelichora mimi mwenyewe."

Nesi akatabasamu, lile tabasamu la kumwachia mtu mwenye machungu aseme atakalo, akaendelea kukata.

Mtaani baba huyu aliitwa Brashi. Kazi yake ilikuwa kuchora mabango ya maduka, na kwa miaka ya karibuni kazi hiyo ilikuwa karibu yote ni njiwa: njiwa mweupe, bawa moja juu, kwenye ukuta wa kijani. Kampuni ya simu hizo za Njiwa ilipoingia mjini ilitaka kila duka linalouza simu zake lipakwe kijani, na Brashi akapata mkate. Angeweza kumchora njiwa yule huku akipiga soga na mwenye duka, bila kuangalia mfano. Bintiye naye alikuwa msusi. Hakuwa na saluni. Alisukia barazani, kwenye kigoda, na wateja walimfuata hata kutoka mitaa ya mbali kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi, haukuvuta nywele. Mtu angeweza kusinzia akisukwa.

Siku hiyo simu ilikuwa kitini, haichaji, haifanyi chochote. Ikaita. Msusi akainyanyua amjibu mteja, akasikia sauti kama ya kitambaa kinachochanwa, na moto ukamtoka kiganjani.

Daktari alikuja mwishoni, akakunja na kukunjua vidole vyake mwenyewe hewani ili wamwelewe. Ngozi itarudi, alisema. Ila kidole cha shahada na cha kati, "hivyo tutaona."

"Tutaona nini, daktari?"

"Kama vitakunjika."

Msusi ndipo alipoanza kulia.

Nyumbani majirani walikuja kutoa pole. Walikuja na sukari, na maziwa, na maswali. Mama Msusi alikuwa amekiweka kile kilichobaki cha simu ndani ya sufuria kuukuu na kukifunika, kwa kuogopa kisije kikashika moto tena, na kila mgeni alipofika ilibidi afunuliwe aone.

"Chaja mlikuwa mnatumia ipi?"

"Ile ile iliyokuja nayo."

"Mmm. Au aliilalia?"

"Hakuilalia. Ilikuwa kitini."

"Au alikuwa anapika nayo karibu na jiko?"

Mama Msusi alijibu yote. Alikuwa mwanamke asiyependa ugomvi, mshonaji wa nguo za watoto, aliyezoea kumpima mtu kwa macho na kukadiria. Aliwaona wageni wake wote walivyokaa. Kila mmoja alikuwa na Njiwa yake, ama mkononi, ama kifuani, ama juu ya mkeka karibu na mtoto mchanga, na hakuna hata mmoja aliyeisogeza pembeni. Walikuwa wamekuja kutazama msiba wa kitu ambacho wao hawanacho: feki.

"Njiwa ndiyo iliyonisomeshea mwanangu," akasema jirani mmoja, mwenye genge la mboga. "Usingiziaji tu huu. Simaanishi nyie, shoga. Namaanisha hao wanaotengeneza feki, wanawaharibia watu jina."

"Jina la nani?" Brashi aliuliza kutoka mlangoni.

"Jina la kampuni, baba Msusi. Wale ni watu wema. Kisima cha shuleni nani kachimba?"

Kisima kilikuwa kimechimbwa na kampuni, kweli, na njiwa wa kwenye tangi alikuwa wa mkono wa Brashi.

Kabla ya kuondoka, binti wa yule mwenye genge alipiga picha. Alisema anataka kuwasaidia, dunia ione. Akaipiga sufuria na kilichokuwa ndani yake, na mkono wa Msusi uliofungwa, na nyuma yao kikaonekana kipande cha sebule: pazia lililounganishwa kwa vitambaa vya rangi mbili, kochi lisilo na mto mmoja, ndoo ya maji iliyofunikwa kwa sinia. Akaituma mtandaoni.

Kesho yake dunia ilikuwa imeona. Msusi aliomba simu ya mama yake, ya vitufe, akaikuta haifai, akaenda kuazima kwa yule yule aliyempiga picha. Akasoma kwa mkono wa kushoto, amesimama uani. Kulikuwa na watu wengi sana, na wachache waliandika pole. Wengine walikuwa wakicheka.

*Njiwa na pazia hilo wapi na wapi?*

*Hapo bei ya simu inazidi nyumba nzima. Feki hiyo, mchana kweupe.*

*Umaskini usikufanye ununue simu chini ya mti halafu uchafue jina la watu.*

*Sogeza ndoo tuone pazia vizuri.*

Alisoma mpaka chini, akairudisha simu, akashukuru. Alipoingia ndani alilishusha pazia. Mama yake alimkuta anahangaika nalo kwa mkono mmoja, jua limejaa sebuleni na wapita njia wanachungulia.

"Mwanangu, unafanya nini?"

"Linahitaji kufuliwa, mama."

Mama Msusi alikuwa amelifua juzi. Akalipokea, akaliloweka.

Mjomba, yule mwenye duka, alikuja siku ile ile kabla ya jua kuzama, amevaa fulana yake ya kijani ya kazini. Hakukaa kwenye kochi. Alikaa kwenye kigoda cha kusukia, magoti yamemfika kifuani. Alikuwa mtu wa maneno mengi, muuza simu hasa, mwenye uwezo wa kumpeleka mtu nyumbani na kava ambalo hakulihitaji. Leo maneno yalikuwa yamemkauka.

"Shemeji," akamwambia Brashi, "ile simu ni ya kweli. Najua. Nilikata utepe wa kasha kwa kucha yangu hii."

"Alhamdulillahi," Mama Msusi akasema. "Basi waambie watu."

Mjomba akamtazama dada yake. "Niwaambieje, dada?"

"Kama ulivyotuambia sisi."

"Nikisema ni ya kweli, nimesema Njiwa inalipuka. Mimi? Nimevaa hii?" Akaivuta fulana yake kifuani. "Hawataniamini, na kesho sina duka. Na dukani pale anakula mama yetu, unajua. Dawa zake zinatoka pale. Wale wadogo zetu wawili wanasoma kwa pale."

"Mkono wa mwanangu je?"

"Ni mwanangu na mimi," Mjomba akasema, na macho yakamjaa. Kweli yalimjaa, Msusi alikuwa mpwa wake wa kwanza, alimbeba mgongoni kabla hajaota ndevu. "Nawaomba kitu kimoja tu. Mkienda kulalamika ofisini kwa kampuni, msitaje duka. Semeni simu, mkono, basi."

Brashi alikuwa amekaa na kopo la rangi katikati ya miguu, akilikwangua ukingo kwa ukucha. "Wakiniuliza nilinunua wapi?"

Mjomba akainuka. Alimwendea mpwa wake, akambusu utosini, akaondoka bila kunywa chai.

Ofisi ya kampuni ilikuwa ya vioo kuanzia chini mpaka juu, na ndani kulikuwa na baridi. Brashi alivaa shati lake la shughuli. Msusi alijifunga mtandio, mkono umelala ndani yake kama mtoto. Kile kipande cha simu walikuwa wamekitoa kwenye sufuria na kukitia kwenye kopo la maziwa ya unga, kifuniko kimekazwa.

Walitarajia kufukuzwa. Walijiandaa kwa hilo. Njiani Brashi alikuwa ameshapanga maneno ya ukali. Lakini hakuna aliyewafukuza. Dada mmoja wa mapokezi, kijana, amevaa kijani kibichi na kucha zimepakwa rangi hiyo hiyo, aliinuka alipouona mkono.

"Jamani, pole! Kaeni, kaeni hapa. Mnywe maji."

Akawaletea maji baridi, na chupa ya Msusi akaifungua mwenyewe bila kuambiwa. Akasikiliza habari yote bila kuikatiza. Walipofika kwenye moto wa kiganjani alishika mdomo.

"Hawa watu wa feki hawana huruma," alisema. "Sisi wenyewe tunaumia, dada. Kila wiki tunaletewa."

"Hii si feki, mwanangu," Brashi akasema.

"Ndiyo, baba. Nakuelewa."

"Hunielewi. Ni ya kwenu."

Dada akamtazama kwa huruma iliyokuwa ya kweli kabisa, na hapo Brashi akapotewa na yale maneno yake ya ukali. Angemgombeza nani? Msichana huyu hakuwa akidanganya. Aliamini, kama watu wanavyoamini kwamba kesho kutapambazuka.

Akaja mkubwa wake, mwanamume mwenye sauti ya chini na viatu visivyo na vumbi. Akamtazama Brashi mara mbili.

"Samahani, wewe si yule mchoraji? Uliyechora duka la kona, na tangi la shule?"

"Ndiye mimi."

"Ee bwana! Una mkono, mzee wangu. Njiwa wako wana uhai. Makao makuu walitumiwa picha, wakapenda sana." Akampa mkono, akautikisa kwa furaha. Msusi akautazama ule mkono wa baba yake unavyotikiswa.

Mkubwa akasema kifaa kitapelekwa kwa wataalamu kikapimwe, ndiyo taratibu, na majibu watapigiwa. Akanyoosha mkono kwa kopo.

"Tubaki na kipande," Msusi akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu waingie.

"Betri iliyoharibika ni hatari kukaa nayo nyumbani, mdogo wangu. Ikilipuka tena tutajilaumu."

"Si mmesema hazilipuki?"

Mkubwa akacheka kidogo, kwa adabu. "Za kweli," alisema.

Brashi alilishikilia kopo. Alimtazama binti yake, akautazama mlango, akamtazama mlinzi aliyesimama pale bila ubaya wowote usoni. Hakujua mtu anayekataa hufanyaje. Anabaki na kopo, halafu anakwenda nalo wapi? Kwa nani? Akalitoa.

"Na mlinunua duka gani?" mkubwa akauliza, kalamu tayari.

Maji ya Msusi yalikuwa hayajaguswa.

"Duka la kona," Brashi akasema.

Alikuwa ameapa kutosema uongo ndani ya nyumba ile ya vioo, na kwa muda mfupi alijiona mtu. Walipotoka nje kwenye joto alimwambia binti yake kwamba sasa mambo yamewekwa wazi, wataona wenyewe. Msusi alikubali kwa kichwa. Alikuwa akijaribu kukunja vidole ndani ya bandeji, na havikukunjika.

Majibu hayakuja kwao. Yalikuja kwa Mjomba.

Alifika mchana akiwa amevaa shati la kawaida, na Mama Msusi alipoliona lile shati akaacha cherehani. Watu wa kampuni walikuwa wamekwenda dukani asubuhi. Walisema wamepima, simu si yao. Na kama si yao, na imetoka duka la kona, basi duka la kona linauza feki. Walibeba kila kilichokuwa kwenye kabati, wakafunga mlango. Walikuwa na adabu, Mjomba alisema. Walimpa pole. Mtu mmoja alimwambia hata yeye angeshawishika, maisha magumu. Na watu walikuwa wamesimama barabarani wanatazama.

"Yule mama wa genge la mboga," Mjomba akasema, "amepeleka simu yake kwa fundi ikaguliwe. Ameinunua kwangu. Ananitazama kama mwizi."

"Lakini wewe unajua," Mama Msusi akasema.

"Najua. Sasa?"

Mjomba akageuka kwa Brashi, na hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomshinda Brashi, angependelea matusi.

"Shemeji, wamesema kama umekosea, nenda ukawaambie. Useme uliinunua barabarani kwa mtu usiyemjua, ukaona haya kusema. Wakisikia hivyo wananifungulia."

"Niseme mimi ndiye mwongo."

"Useme ulikosea."

"Nao watasema nini juu ya mwanangu?"

"Wameshasema, baba," Msusi akasema.

Alikuwa amekaa chini karibu na mlango, ambao sasa ulikuwa hauna pazia. Brashi alimwangalia mkewe. Kwa mwanamke huyu, upande mmoja alikuwa mwanawe, upande mwingine mdogo wake na mama yake mzazi anayesubiri dawa. Na Mama Msusi, ambaye maisha yake yote alikadiria watu kwa macho asikosee, alishindwa kukadiria. Alishika kipande cha nguo ya mtoto alichokuwa akikishona, akakigeuza ndani nje, akakigeuza tena.

"Nenda baba Msusi," alisema mwishowe. "Nenda kabla sijabadili neno."

Akaenda. Yule dada wa mapokezi alimkumbuka, akauliza hali ya mgonjwa, akamletea maji. Brashi alisimama mbele ya yule mkubwa na kusema aliyotumwa: barabarani, kwa kijana mmoja, hamjui jina, aliona haya. Aliyasema haraka. Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, akamshika bega.

"Mzee wangu, usijali. Wala hukuwa na haja ya kuona haya. Bei zetu si za kila mtu, tunalijua hilo. Na kazi yako haihusiani kabisa na haya. Mkono kama wako tutauhitaji." Kisha akamuomba, kama hana haraka, ayarudie yale maneno mbele ya kamera ya simu, dakika moja tu, ili watu wajifunze kujihadhari na feki. Uso usingeonekana, alisema. Mikono tu.

Brashi akayarudia. Walirekodi mikono yake, na rangi ya kijani iliyokuwa haijatoka kwenye kucha.

Duka la kona likafunguliwa. Mjomba alileta kuku na mchele, wakala wote pamoja, wakazungumza habari za mvua. Video ya mikono ilizunguka mtaa kwa siku chache, watu wakaitambua mikono, kisha wakaisahau.

Bandeji ilitolewa. Ngozi ilikuwa imerudi, nyekundu na laini kama ya mtu mwingine. Kidole cha shahada kilikunjika nusu. Cha kati kilibaki kimenyooka kikielekeza mbele, hakisikii amri. Msusi alijifunza kushika mche wa sabuni, kijiko, mpini wa fagio. Nywele hakuweza. Alijaribu kwa mama yake, barazani, na mama alikaa muda mrefu na kichwa kimeinama, anavutwa, anaumia, anasema inapendeza. Walipojitazama kwenye kioo wote wawili wakafumua.

Ilikuwa asubuhi moja, Brashi yuko uani anachanganya rangi kwa ajili ya ukuta wa duka jipya upande wa pili wa mji, ndipo aliposikia mgeni akibisha. Alikuwa mteja wa mtaa wa mbali, alimjua kwa sauti. Alikuwa amepata safari, hakuwapo kipindi chote kile. Alikuja kusukwa, harusi ya mdogo wake imekaribia, ametembea mpaka miguu inawaka.

"Sisuki tena, dada," Msusi akamwambia. "Samahani. Umetembea bure."

"Husuki? Kwa nini tena, na mkono wako ule?"

Brashi aliacha kukoroga. Ukuta ulikuwa katikati yao; alimsikia bintiye akinyamaza, akahisi anaonyesha vidole.

"Yarabi! Umepatwa na nini, mdogo wangu?"

"Maji ya moto," Msusi akasema. "Yale ya kuchovyea rasta. Nilikuwa na haraka, beseni likanipindukia."

"Uwii! Pole! Pole sana, jamani." Sauti ya yule mwanamke ilikuwa imevunjika papo hapo, bila shaka alikuwa ameushika ule mkono. "Kazi yenyewe hii hatari, mimi huwa nasema kila siku. Pole mwaya. Uliumia sana?"

"Sana," Msusi akasema, na ndipo alipolia, kilio kikubwa cha kwikwi kilichopita kile cha hospitali, kilio alichokizuia siku ile ya pazia, na yule mgeni akawa anamwambia lia, lia mdogo wangu, litoke.

Mama Msusi alitoka jikoni, akasimama karibu na mumewe. Walitazamana. Yeye angeweza kwenda barazani, hatua chache tu, akasema ukweli wa mambo. Brashi naye angeweza. Upande wa pili wa ukuta mwanamke alikuwa akiendelea kumpa pole mtoto wao, haulizi chaja, haulizi duka, haulizi chochote.

"Mwache," Mama Msusi akanong'ona.

Brashi aliinama, akaendelea kukoroga rangi taratibu, kijiti kisigonge kopo.